Salfa nimepiga mara tatu na zabibu bado zinaumwa: Bwana shamba anajibu

SWALI: Habari za kazi bwana shamba. Nina ekari mbili za zabibu za mvinyo huku Mpunguzi, Dodoma. Katikati ya Januari nilipogolea kwa sababu jirani naye alikuwa anapogolea, wakaniambia mvua ikiwepo mzabibu unachipua vizuri na kweli ulichipua balaa. Kufika Februari majani yakaanza madoa ya njano na kwa chini kuna unga mweupe, nikapiga salfa mara tatu wapi, maua yakakauka, vichala vimebaki vya kuhesabu. Niliuziwa dawa feki au? Na hii Aprili nifanye nini? (Mama wa Mpunguzi)

JIBU: Pole sana dada yangu, ekari mbili sio mchezo. Salfa yako inawezekana ilikuwa nzima kabisa ila uliipeleka kwa ugonjwa usio wake, na wengi linawakuta hili kwa sababu wakishaona cheupe wanasema unga basi. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unakaa sana juu ya jani, kama mtu kamwaga majivu, ukipitisha kidole unatoka, na wenyewe hauhitaji jani lilowe, unapenda kivuli na msongamano wa majani. Huo ndo wa salfa. Wako ni ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine kabisa: juu ya jani doa la njano kama tone la mafuta, geuza jani asubuhi na mapema utakuta vinyoya kama pamba palepale chini ya doa. Huu unataka maji juu ya jani ndo uingie, na salfa hata upige mara kumi hauusumbui. Dawa zake ni kopa au mankozebu, zipigwe KABLA mvua haijanyesha maana zinakinga tu, ukishaingia ndani unatafuta inayopenya kama yenye metalaksili, nayo usiirudierudie peke yake msimu mzima ugonjwa utaizoea.

Lakini mimi naona tatizo lilianzia kwenye mkasi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wenzetu wa Ufaransa na Italia wanasubiri baridi iishe, Machi Aprili hivi mizabibu inaamka yenyewe. Dodoma hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwetu unaamshwa kwa mkasi, siku unayokata ndo siku umeuambia amka, ndo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka na wao mara moja. Sasa piga hesabu: ukikata, ndani ya wiki mbili hivi macho (vile vijicho vya kuchipua kwenye tawi) yanafumuka, wiki ya tano au sita maua, na mavuno ni kama miezi minne. Wewe ulikata katikati ya Januari, kwa hiyo majani machanga na maua vyote vikakutana na mvua za Februari, huo ugonjwa haukuwa na haja ya kukutafuta.

Kwa hiyo sasa hivi usiwe na haraka, subiri mvua zikate kabisa ndo upogolee, mwisho wa Aprili mpaka Mei, utavuna Agosti Septemba kukiwa kukavu, na sukari inapanda, na mnunuzi wa kiwanda cha mvinyo sukari ndo kitu anachopima. Kata kwenye fimbo za msimu uliopita zilizokomaa zikawa za kahawia, acha macho mawili kwenye kila kipande cha fimbo unachobakiza, mkasi uwe mkali na uufute kwa spiriti. Matawi uliyokata na majani yaliyodondoka toa YOTE shambani ukachome, ubwiri vinyoya unajificha kwenye majani yaliyokufa, ukiyaacha pale umejiwekea akiba ya ugonjwa. Machipukizi yakifika kama kiganja punguza yaliyosongamana, baadaye nyofoa majani yanayofunika vichala upande wa jua la asubuhi hewa ipite. Salfa iweke kwa ajili ya kuanzia kabla ya maua mpaka punje zina kama mwezi, ndo kipindi ubwiri unga unaua punje, na upige asubuhi sana au jioni, jua likizidi nyuzi 30 salfa inaunguza majani.

SWALI: Mkuu mimi nipo Njombe, nina miche 300 ya tofaa aina ya Anna, mwaka wa tatu sasa. Baridi ikiisha inatoa maua meupe mazuri sana halafu yote yanadondoka. Niongeze mbolea gani?

JIBU: Usiongeze mbolea kwanza. Anna peke yake haijitoshelezi, inataka chavua ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo, na mwenzake anayejulikana ni Dorsett Golden. Tafuta miche yake uchanganye kati ya mistari, na kwa haraka zaidi bebesha (pandikiza) tawi moja la Dorsett kwenye baadhi ya miti uliyonayo. Msimu huu unaweza kuomba matawi yenye maua kwa mwenye nayo, ukayaweka kwenye ndoo za maji katikati ya shamba. Mizinga ya nyuki ilete maua yakianza kufunguka, na mpaka yadondoke yenyewe usipige dawa ya wadudu hata kidogo. Asubuhi yenye jua simama chini ya mti mmoja dakika tano, kama kupo kimya husikii nyuki, tatizo la kwanza umeshalipata.