Kwa nini wakili alisoma hukumu ya watu wengine

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wakili wa mdai, katika Mahakama ya Wilaya hapo Tukuyu, alisoma hukumu ya watu msiowajua iliyotolewa na Mahakama Kuu Iringa. Mfumo wetu wa sheria hapa Tanzania ni wa komoni loo (common law), tulioupokea kwa Waingereza, na sheria zetu bado zinaitaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa siku ya mapokezi hayo. Katika mfumo huu sheria haiishii kwenye maandishi ya Bunge, kwa kuwa jaji anapoeleza sababu ya msingi ya uamuzi wake, sababu hiyo huzifunga mahakama za chini, yaani huzilazimu kuifuata, katika mashauri yanayofanana. Hakimu wa Tukuyu, basi, anafungwa na hukumu ile, ilhali jaji wa Mahakama Kuu Mbeya anaweza, kwa sababu nzito, kutoifuata, maana imetoka kwa mwenzake. Wote hufungwa na Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979.

Nakusihi usikate tamaa mapema: mwombe wakili wako aisome hukumu ile yote, kwani akionyesha kuwa mambo yaliyothibitishwa kule ni tofauti na ya kwenu, haitawafunga.