Alibaki, sawa, lakini ufunguo alikuwa nao nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wachezaji wa zamani walizipenda klabu zao kuliko hawa wa leo, na mkamtaja Tom Finney wa Preston North End ya England kama mfano wa mapenzi ya kweli, klabu moja toka anaanza mpaka anatundika daluga. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Preston toka 2009, na kazi yangu ni fundi bomba kama Finney mwenyewe alivyokuwa, kwa hiyo swali limenichoma na siwezi kulipita kimya. Ila kabla ya hayo mapenzi naomba tuulizane kwanza, hivi huyu mtu alikuwa na ruhusa ya kuondoka?

Hakuwa nayo. Enzi zile England ukishasaini, usajili wako ni mali ya klabu, hata mkataba ukiisha wanaweza kukushikilia na huendi popote. Mshahara nao ulikuwa na kikomo, 1952 ilikuwa pauni 14 kwa wiki, uwe Finney uwe nani. Mei mwaka huo England wakaenda kucheza Italia na rais wa Palermo akamfuata na dili: pauni 10,000 za kusaini tu, mshahara pauni 130 kwa mwezi, nyumba kando ya bahari, na gari. Piga hesabu, hizo 10,000 kwa mshahara wa Preston ni karibu miaka 14 ya kukimbia winga bila kula wala kulipa kodi. Akarudi akawaomba mabosi wake, wakakataa, ikaishia hapo. Sasa hayo tunayaitaje mapenzi?

Nimekuwa na msimamo huo miaka mingi na niliwahi kuusema mahali pasipostahili. Februari 2014, wiki ile Finney amefariki akiwa na miaka 91, niliitwa nyumba moja karibu na Deepdale, uwanja wa Preston, bomba la chini ya sinki linavuja. Mwenye nyumba mzee wa sabini na kitu anaishi peke yake, mimi nimelala chini ya sinki na spana mkononi, yeye amekaa kitini, namwona miguu tu na soksi zake za sufu, na redio inamzungumzia Finney. Mzee akaanza kusimulia. Baba yake alikuwa anampeleka Deepdale akiwa mtoto, watu wazima wanawainua watoto juu ya vichwa na kuwapitisha mkono kwa mkono mpaka mbele kabisa, na hapo anamwona namba 7 akishuka winga ya kulia, mtu wa mguu wa kushoto kwa kuzaliwa aliyejifundisha mguu wa kulia mpaka mabeki wakawa hawajui atatokea upande gani. Akasema mpira ulikuwa mzito ukilowa lakini kwa Finney ulikuwa kama umefungwa kamba.

Mimi kwa kiherehere nikasema kutoka kule chini, mzee, huyo walimfungia mlango, walimnyima maisha. Nikamwambia na la kwangu. 1999 nilikuwa na miaka 21, fowadi, timu moja ya Dar ikanitaka, na viongozi wa timu yangu wakaiweka fomu ya uhamisho kwenye droo mpaka dirisha la usajili likafungwa. Sikuelezwa sababu, niliambiwa tu nisubiri.

Mzee akanyamaza, nikasikia birika likichemka mpaka likajizima. Halafu akaniuliza, sasa msimu uliofuata ulicheza vipi?

Jamani, sijawahi kuulizwa hilo na mtu. Nikamwambia ukweli kwamba sikucheza, nilisusa, nikaacha mazoezi, baada ya miezi nikabeba boksi la spana la baba yangu na ndio ukawa mwisho wa mpira. Akasema, basi wa kwetu aliponyimwa, msimu uleule uliofuata, 1952/53, Preston walimaliza pointi 54 sawasawa na Arsenal, wakakosa ubingwa kwa wastani wa magoli tu. Mwaka uliofuata akawaongoza mpaka fainali ya Kombe la FA kule Wembley, wakafungwa 3-2 na West Bromwich Albion. Baadaye akiwa na miaka 34 wakamhamishia katikati, namba 9, na 1957 akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka mara ya pili, hakuna aliyewahi kuipata mara mbili kabla yake. Koki nilishaikaza zamani lakini nikabaki nimelala palepale, sikutaka anione uso.

Toka siku hiyo sina uhakika na msimamo wangu kama mwanzo. Sawa, Finney alikuwa na kitu cha kushika, baba yake alimlazimisha amalize ufundi kabla ya mpira, ana kampuni yake ya mabomba, asingelala njaa, na kijana asiye na fani nyingine huwezi kumpima kwa kipimo hicho. Na bado nikiangalia hesabu roho inauma. Mechi 433 za ligi, magoli 187, mechi 76 za England na magoli 30, na hakubeba ubingwa wa daraja la juu wala Kombe la FA. Akastaafu Aprili 1960, Januari 1961 kikomo cha mshahara kikafutwa na Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Miezi tisa tu! Preston wenyewe msimu wa kwanza bila yeye wakashuka daraja, na mpaka leo hawajarudi juu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, aliipenda klabu yake, ingawa nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kusema hapana. Alibaki kwa sababu mlango ulifungwa, lakini kucheza vile miaka minane mingine hakuna kiongozi anayeweza kukulazimisha, mimi mwenyewe walishindwa kunilazimisha hata mwezi mmoja. Ila klabu haikumpenda yeye kiasi hicho, na hili naomba mlichape pamoja na lile la kwanza, msilikate.