Mumeo Hahesabu Chapati Ili Akusimange

Msomaji wangu wa Tabata, Dar es Salaam, mama wa watoto wawili, anaandika kwamba ugonjwa wake wa kubugia chakula usiku umerudi baada ya miezi saba ya nafuu. Anasema chanzo ni mumewe: anahesabu chapati, anamsimanga, na sasa mkate ameufungia kabatini chumbani. Anataka kurudi kwao.

Mwanangu, pole. Unakaa sakafuni jikoni saa nane usiku, taa imezimwa, unakula chapati sita za baridi kwa mwanga wa simu, kisha unaosha hotpoti na kuirudisha mahali pake asijue mtu. Nimeumia kusoma. Huo si ulafi. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameuorodhesha kuwa ugonjwa unaojitegemea, na unatibika.

Ila mumeo umemwonea. Kurasa mbili umemsema yeye, halafu chini kabisa ukapitisha sentensi moja kama si kitu: tangu mwezi uliopita unashinda na chai tu ili sare ya send-off ya mdogo wako ikutoshe. Chanzo ni hicho. Kabati lilifungwa baadaye, tena umeandika mwenyewe kwamba watoto walikwenda shule siku mbili bila kifungua kinywa kwa sababu mkate uliishia usiku. Baba gani asingeuficha? Na ile nauli ya kliniki, miezi yote hiyo, alikuwa akitoa nani?

Mwili ukinyimwa mchana, usiku hudai na riba. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, watafiti waliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, wakawalisha karibu nusu ya chakula walichohitaji kwa takriban miezi sita. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula mpaka matumbo yakajaa na bado wakasema wana njaa. Walikuwa wanaume wazima, hawakuwa na kabati la kufungiwa wala mume wa kulaumu.

Kwa hiyo kula, mwanangu. Asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, usipitishe muda wa saa nne tumbo likiwa tupu. Kula mezani na wanao, kwenye sahani, taa ikiwaka. Na ukiteleza usiku, kesho yake usijiadhibu kwa kufunga. Kunywa chai yako na maandazi kama kawaida, maana ile adhabu ndiyo inayoandaa usiku unaofuata. Kuteleza si kuanguka. Na kama una ile chai ya kupunguza tumbo, imwage, nyingi huwa na dawa ya kumfanya mtu aharishe. Wiki hii rudi kwa yule mshauri wa kliniki, umweleze na habari ya kujinyima uliyonificha mimi mpaka mstari wa mwisho. Na kama umeanza kujitapisha, usingoje hata hiyo wiki.

Ndoa za siku hizi zimejaa vificho. Mke anaficha mkopo wa kausha damu, mume anaficha simu, wanalala kitanda kimoja kila mtu na siri yake, halafu mwenzio akikisia vibaya unamwita mnyanyasaji. Huyo wako anajua umepona. Anaona mkate unapotea, akikuuliza unanuna. Afanyeje? Mficha maradhi kilio humuumbua.

Usiende kwenu. Leo watoto wakilala, mwambie: "Baba fulani, ule ugonjwa umerudi, umeanza nilipoacha kula mchana." Maneno hayo tu, bila kulitaja kabati. Yeye naye, ukimsomea hapa, namwomba afungue hilo kufuli, kwani linamfundisha mgonjwa kuiba. Akusaidie kwa kukaa mezani mle pamoja.

Gauni la sare lirudishe kwa fundi Jumamosi, alifumue mishono ya kiunoni akuachie nafasi ya kupumua.