Kipimo cha matende kimetoka hasi, lakini mguu unavimba jioni

Swali: Nafanya kazi kwenye zahanati wilayani Pangani. Amekuja kijana wa miaka 24, mguu wa kushoto unavimba ikifika jioni, asubuhi umeshuka. Kipimo cha damu ya kidole kimetoka hasi. Nimwambie hana matende? Na bila mashine, nitajuaje kama mishipa ya limfu imeanza kuharibika?

Jibu: Mwenzangu, usimwambie hivyo bado. Kipimo kile kinatafuta protini ya mnyoo mkubwa wa Wuchereria bancrofti, anayeleta matende. Hali ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, hakiijui. Mnyoo akifa, protini hufifia polepole, lakini mshipa alimokuwa akiishi kwa miaka hubaki umetanuka, vali zake hazifungi sawasawa, na majimaji ya limfu hutuama mguuni. Ndiyo maana wengi wenye matende ya wazi hupimwa wakaonekana hasi, huku wapo wenye minyoo tele na miguu yao haina hata dalili. Picha zinazopigwa kwa dawa ya mionzi zimeonyesha mishipa iliyoharibika hata kwa watoto wasio na uvimbe wowote. Huduma hiyo huwezi kuipata zahanati, kwa hiyo vifaa vyako ni macho, kidole gumba na tepu.

Kabla ya hapo, hakikisha hasi yako ni hasi kweli. Kipimo cha utepe kinataka damu maikrolita 75, na majibu husomwa dakika ya 10. Damu ikipungua, mstari unaweza usionekane. Ukikiacha mezani hadi foleni iishe, mstari wa uongo unaweza kujitokeza. Ukitaka kuona vijiminyoo, yaani watoto wa mnyoo huyo, kwa darubini, chukua damu kati ya saa 4 na saa 8 usiku. Ya mchana itakudanganya, kwa sababu kwetu huku vijiminyoo hivyo hutoka kwenye damu ya pembeni usiku.

Sasa mguu. Mlaze, kisha kwa kalamu weka alama upande wa ndani wa miguu yote miwili, sentimita 10, 20 na 30 kutoka kwenye unyayo. Zungusha tepu ya fundi cherehani juu ya kila alama. Iguse ngozi bila kuibana. Ikiacha alama ya mkunjo, umeivuta mno. Pima jioni, kisha asubuhi kabla hajatembea. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kulinganisha kipimo cha leo saa 3 asubuhi na cha mwezi uliopita saa 10 jioni, halafu mtu anaandika kwamba ugonjwa umepungua. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi kati ya mguu na mguu, kwenye alama ileile, usiipuuze. Ikiwa miguu yote imevimba, ulinganisho huo hauna maana: mlinganishe na yeye mwenyewe, asubuhi kwa jioni.

Kisha bonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, mahali penye mfupa wa ugoko. Hesabu hadi 10 polepole. Sekunde mbili hazitoshi. Ukiachia, pitisha ncha ya kidole, maana kishimo kidogo hugundulika kwa kugusa kabla ya kuonekana. Malizia kwa kujaribu kuinua ngozi kwenye shina la kidole cha pili cha mguu. Isipoinuka, limfu imetuama. Ikiinuka, hujathibitisha chochote, kwani mwanzoni huinuka kwa wengi.

Uvimbe unaoshuka usiku ni hatua ya kwanza kati ya 7 zinazotumika kupanga uvimbe wa matende. Kuanzia ya pili haushuki wenyewe, kwa hiyo kijana wako amekuja wakati mzuri. Muulize kama amewahi kupata mtoki, au homa na mguu kuwa mwekundu na wa moto. Mulika tochi katikati ya vidole: fangasi na mipasuko midogo ndiyo milango ya bakteria, na kila shambulio huziba mishipa zaidi.

Usibebeshe matende kila uvimbe. Miguu yote miwili ikivimba, pima protini kwenye mkojo na shinikizo la damu, sikiliza moyo. Shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma, hofia damu iliyoganda, mpe rufaa siku hiyohiyo.

Usingoje kipimo kuwa chanya ndipo uanze huduma. Aoshe miguu kila siku kwa sabuni na maji safi ya baridi, akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu, apake dawa ya fangasi palipochubuka, aweke matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni, na azungushe kifundo mara kadhaa kwa siku. Asichanjwe chale, wala asikandwe kwa maji ya moto. Arudi baada ya mwezi, saa ileile, kwa tepu ileile.

Na kabla hajaondoka, mchunguze korodani faragha. Busha changa kijana wa miaka 24 hatalitaja mwenyewe hadi aulizwe.