Kabla hujauamini mti wa virusi

Wanaoingia kwenye bayoinfomatiki ya virusi, yaani uchambuzi wa jenomu zake kwa kompyuta, huniuliza swali moja: nianze na programu gani? Siku hizi silijibu. Nami huwauliza: unataka kujua nini, na hiyo mifuatano ya herufi za jenomu imepatikanaje? Programu zipo, nyingi ni huria, hazidai senti, na zimeandikwa na watu wanaoijua kazi. Tabu yake ni kwamba hazikatai kitu. Ipe IQ-TREE, programu ya kuchora mti wa ukoo wa virusi, mifuatano mibovu, itakuchorea mti, tena wa kupendeza, wenye matawi na asilimia za uhakika juu yake. Ndiyo maana mengi nitakayosema hapa yanahusu yanayotangulia mti na yanayoufuata.

Anza na Nextclade, programu inayokagua ubora wa mfuatano na kutaja nasaba yake, yaani tawi lake la ukoo. Najua wengi hukimbilia Nextstrain, tovuti ya kufuatilia mageuzi ya virusi, kwa ajili ya ramani na rangi zake, wala siwalaumu. Kazi ile, ambayo Trevor Bedford na Richard Neher waliianza kwa influenza peke yake, ilikuja kufuatilia Ebola, Zika, kisha SARS-CoV-2 (kirusi cha UVIKO-19) kwa namna ambayo hata asiyejua jenomu ni nini angeweza kuifuata. Lakini Nextclade ndiyo utakayoifungua kila siku. Inaendeshwa kwenye kivinjari: unaburuta faili lako la FASTA (faili la maandishi lenye mifuatano), na hesabu zote zinafanyika ndani ya kompyuta yako. Mfuatano hautumwi popote. Ikiwa kibali chako cha maadili ya utafiti hakiruhusu data kutoka nje ya taasisi, hilo tu linatosha kukufanya uichague. Kuna pia toleo la kuendeshwa kwa amri. Ukishapakua seti ya data ya kirusi chako unaweza kuzima intaneti na kuendelea.

Matokeo yakitoka, usikimbilie safu ya jina la nasaba. Tazama safu ya ubora. Herufi N, yaani mahali pasiposomeka, ni ngapi? Kuna sehemu zenye herufi mchanganyiko? Kuna mabadiliko mengi ambayo ndugu wa karibu wa kirusi hicho hawana, tena yamerundikana mahali pamoja? Kuna jeni iliyokatika katikati au iliyosogea fremu (mpangilio wa kusomwa herufi tatu tatu)? Virusi vichache sana huishi na jeni muhimu iliyovunjika. Ukiiona, dhania kwanza kosa la usomaji, na tuhuma za mageuzi zije baadaye.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni badiliko la G142D (asidi amino G ya nafasi ya 142 imegeuka D) kwenye protini ya miiba ya Delta, mojawapo ya aina za SARS-CoV-2. Maabara nyingi zilikuwa zinatumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia ukuzaji) za seti ya ARTIC toleo la 3, zinazoigawa jenomu ya herufi kama 29,900 katika vipande vinavyopandana. Delta ilikuja na mabadiliko palepale ambapo praima moja ya kipande cha 72 inashika, na kipande hicho kikawa hakikuzwi vizuri. Baadhi ya jenomu zikatoka zikiwa na herufi ya mfuatano wa rejea (jenomu ya kulinganishia) mahali hapo, kana kwamba kirusi hakijabadilika. Ukiuchora mti, utaona Delta inapata G142D, inaipoteza, inaipata tena, kwenye tawi hili na lile, na mtu mwenye haraka angeweza kuandika makala nzima kuhusu shinikizo la kinga ya mwili. Hakukuwa na kitu cha namna hiyo. Ilikuwa praima.

Kwa hiyo weka kanuni mapema, kabla hujaona matokeo: pale ambapo herufi imesomwa mara chache kuliko kiwango ulichokubali, andika N. Wengi huchagua mara 10 au 20. Kamwe usiijazie herufi ya mfuatano wa rejea. Inauma kuona jenomu yako ina matundu, lakini N inasema ukweli, na IQ-TREE inajua namna ya kuishi nayo. Chunguza pia kama programu uliyopewa na mwenzako inakata ncha za praima; iVar hufanya hivyo vizuri. Herufi za praima ni za kiwandani, si za mgonjwa.

Kuhusu Pangolin, programu inayotaja nasaba za SARS-CoV-2, nina neno moja tu: andika toleo. Si toleo la programu peke yake, hata la data yake. Nasaba za SARS-CoV-2 zimekuwa zikigawanywa na kupewa majina mapya kila kukicha. Sampuli iliyoitwa B.1.617.2 ikichambuliwa leo inaweza kurudi ikiwa moja ya zile AY, matawi yaliyogawanywa kutoka kwayo. Ripoti mbili zilizochambuliwa kwa matoleo tofauti hazilinganishwi. Endesha zote upya kwa toleo moja, kisha ulinganishe.

Sasa usugu wa dawa, ambako ndiko nadhani watu hudanganyika zaidi, kwa kuwa jibu linakuja limeandikwa kwa lugha ya uhakika. Kwa VVU, hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Stanford, inayojulikana kama HIVdb, ndiyo kimbilio la wengi, na inastahili. Unaweka mfuatano, au hata orodha ya mabadiliko tu, nayo inajumlisha alama kwa kila dawa. Chini ya 10, kirusi kinahesabika kuwa kinasikia dawa. Kuanzia 60, usugu ni wa juu. Katikati yake kuna ngazi tatu. M184V peke yake inaipa lamivudini alama 60, lakini wakati huohuo inapunguza alama za zidovudini na tenofoviri, kwa sababu badiliko hilo huvifanya virusi visikie dawa hizo zaidi. K103N inaziangusha efavirenzi na nevirapini, ila rilpivirini inaiacha. Ukisoma jedwali lile kwa pupa, ukihesabu mabadiliko badala ya kuangalia dawa moja moja, utamnyima mgonjwa dawa ambayo ingemfaa.

Lakini jedwali halijui ambayo hukuliambia. Usomaji wa Sanger, njia ya zamani ya kusoma mfuatano, hauoni kwa uhakika virusi vilivyo chini ya takriban asilimia 20 ya vyote vilivyomo kwenye damu. Mgonjwa akiacha dawa, virusi vyenye M184V hupitwa haraka na vile vya asili vinavyozaana kwa kasi zaidi, na kipimo kinarudi safi. Usugu haujaisha; umejificha kwenye chembe zinazohifadhi virusi. Ndiyo maana mimi siko tayari kusoma matokeo ya usugu bila historia ya dawa na bila kujua kama siku ya kutolewa damu mgonjwa alikuwa bado anazimeza. Na kinyume chake pia kipo: wingi wa virusi uko juu, badiliko halionekani hata moja. Mara nyingi hapo dawa haimfikii kirusi kabisa, na mazungumzo yanayotakiwa ni ya matumizi ya dawa, hayahusu jenomu.

Kagua pia ni sehemu gani ya jenomu iliyosomwa. Itifaki nyingi za zamani zilisoma jeni za enzaimu mbili tu za kirusi, protisi na rivasi transkriptesi. Kwa mtu anayetumia dolutegraviri, hizo hazikuambii lolote kuhusu dawa hiyo. Lazima integresi, enzaimu ambayo dawa hiyo huilenga, isomwe, ndipo utaona kama kuna R263K, N155H, G118R au mabadiliko ya nafasi ya 148. Nimeona ripoti zikiandikwa "hakuna usugu" wakati jeni husika haikuguswa. Jedwali halikukosea; halikupewa.

Kingine ni alama za APOBEC. Hizi ni enzaimu zetu wenyewe zinazoharibu virusi kwa kugeuza G kuwa A, na baadhi ya uharibifu huo unafanana na usugu. M184I ni mmojawapo. Ikiwa sampuli yako ni tone la damu lililokaushwa, unaweza kuwa umesoma DNA ya virusi vilivyokwisha kufa ndani ya chembe. HIVdb huonya ikiona mabadiliko ya aina hiyo na alama za kusimamisha usomaji katikati ya jeni. Onyo lile wengi hulipita bila kulisoma.

Na kwa influenza, tahadhari na namba. Badiliko la neuraminidesi linaloleta usugu dhidi ya oseltamiviri kwenye H1N1 linaitwa H275Y na wengine, H274Y na wengine, kutegemea wanahesabu nafasi kwa neuraminidesi ya aina ya N1 au ya N2. Ni kitu kilekile. Skripti yako inayotafuta namba moja itakosa nyingine kimyakimya. Si jambo dogo: kati ya mwaka 2007 na 2009 H1N1 ya msimu yenye badiliko hilo ilienea duniani hata mahali ambapo dawa hiyo ilikuwa haitumiki sana.

Turudi kwenye mti. Ombi linalonichosha kuliko yote ni hili: "Tuonyeshe nani alimwambukiza nani." Mti hausemi hivyo. SARS-CoV-2 hupata takriban mabadiliko mawili kwa mwezi, na maambukizi hupita kutoka mtu hadi mtu kwa siku chache. Kwa hiyo watu kadhaa kwenye mnyororo mmoja wanaweza kubeba jenomu zinazofanana herufi kwa herufi. Ukiona matawi mawili yameshikana, kati yake kunaweza kuwa na watu ambao hawakupimwa kabisa. Unachoweza kukikanusha kwa nguvu ni uhusiano: jenomu mbili zilizo mbali sana hazitoki kwenye mlipuko mmoja wa wodi moja. Huo ni msaada mkubwa kwa timu ya kudhibiti maambukizi, na mara nyingi ndio wanaouhitaji hasa.

Kwa VVU mambo ni mazito zaidi. HIV-TRACE, programu ya kuchora makundi ya maambukizi, huunganisha watu ambao virusi vyao vinatofautiana kwa chini ya kiwango ulichoweka, mara nyingi asilimia 1.5, na mchoro wake haubebi mwelekeo. Ziko nchi ambako mtu anaweza kushtakiwa kwa kuambukiza. Ukitoa mchoro wenye umri, jinsia na kituo cha afya pembeni mwa kila nukta, hukutoa takwimu, umetoa watu. Mimi huchapisha ukubwa wa makundi na mwenendo wake. Nukta zenyewe hubaki ndani.

Kuhusu kusakinisha, usiteseke. Bioconda, hifadhi ya programu za bayolojia, itakuwekea karibu kila kitu nilichokitaja, na nf-core, mkusanyiko wa mitiririko ya uchambuzi, ina mtiririko uitwao viralrecon uliokwisha kupitiwa na macho mengi kuliko skripti yoyote utakayoiandika usiku. Usiye na kompyuta yenye nguvu, fungua akaunti kwenye Galaxy, jukwaa la uchambuzi mtandaoni, na utumie seva zao. Ila kabla ya sampuli zako, pitisha data ambayo jibu lake linajulikana.

Mwisho ni tarehe. Herufi za jenomu watu huzikagua mara tatu, tarehe ya kukusanya sampuli hawaitazami hata mara moja, ilhali TreeTime, programu ya kuuwekea mti tarehe, inaitegemea kupima kasi ya mageuzi na umri wa mlipuko. Programu za majedwali hupenda kubadilishana siku na mwezi bila kukuarifu. Iandike kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na usipoijua siku weka 2021-03-XX, Augur, zana ya Nextstrain, inaelewa. Usibuni tarehe 15 ili safu ijae. Kisha chora grafu ya umbali kutoka kwenye shina dhidi ya muda. Nukta itakayokaa mbali na mstari, irudishe kwenye daftari la maabara kabla hujamwambia mtu kwamba umepata nasaba mpya.