Arifa za afya za Azure zinatuamsha usiku kucha

SWALI: Habari mtaalamu. Tuna mashine pepe zipatazo 40 kwenye Azure, huduma ya wingu ya Microsoft. Wiki tatu zilizopita moja ilijiwasha upya usiku, nasi tukaja kujua asubuhi, tena kwa kuambiwa na wateja. Nikatengeneza arifa ya Resource Health, sehemu ya Azure inayofuatilia hali ya kila mashine, kwa usajili wetu mzima (yaani akaunti yenye mashine zetu zote) na kuweka alama kwenye kila kisanduku, nisipitwe na kitu. Sasa ujumbe mfupi unamiminika: mashine "haijulikani", mara "inapatikana", mara "haijulikani" tena. Hata mtu akizima mashine ya majaribio jioni, simu zinalia. Wenzangu wameanza kuzizima sauti. Nipunguze wapi bila kukosa tukio la kweli?

JIBU: Pole na usingizi, ndugu. Kilichokuponza ni hivyo visanduku.

Resource Health ina hali nne: inapatikana, haipatikani, imedhoofika na haijulikani. Hiyo ya mwisho haina maana kwamba mashine imeanguka. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya dakika 10 Azure haijapata taarifa yoyote kuihusu. Mashine yenyewe huenda inachapa kazi kama kawaida.

Wengi wakishalijua hilo hukimbilia kuifuta "haijulikani" kote, kwenye hali ya sasa na kwenye hali iliyotangulia. Hapo wanajichimbia shimo. Mashine inaweza kutoka "inapatikana" kwenda "haijulikani", kisha ikatua kwenye "haipatikani". Kama umeikataa "haijulikani" kwenye hali iliyotangulia, hatua ya kwanza haikuamshi na ya pili pia haikuamshi. Mashine iko chini, na simu imetulia tuli.

Mimi huivunja kanuni hiyo moja, yaani masharti ya arifa uliyoyaweka, kuwa mbili. Ya kwanza ni ya kuamsha watu: hali ya sasa iwe "haipatikani" au "imedhoofika" tu, hali iliyotangulia iache zote nne, na itume ujumbe mfupi kwa aliye zamu. Ya pili ni ya kusomwa asubuhi: hali ya sasa iwe "inapatikana", iliyotangulia zote nne, na itume barua pepe peke yake. Kwa mpangilio huo kelele za "haijulikani" kisha "inapatikana" zinaishia kwenye barua pepe, na bado unapata habari kwamba mashine iliyoanguka imeinuka. Hofu ya gharama isikuzuie, kwani kanuni za aina hii zenyewe hazitozwi. Kinachoweza kutozwa ni utumaji, kama ujumbe mfupi na simu.

Sasa hizo mashine zinazozimwa kwa makusudi. Utaona kuna sharti la sababu, linalotenganisha tukio lililoanzishwa na Azure na lililoanzishwa na mtumiaji. Linavutia kweli: ukichagua la Azure peke yake, mambo si yamekwisha? Hayajaisha. Mashine inapobadilika hali, tukio huandikwa papo hapo ili arifa isichelewe, na wakati huo sababu huenda bado haijajulikana. Ukilifungua tukio la namna hiyo, sehemu ya properties.cause utaikuta tupu. Kanuni inayodai sababu maalumu inaliacha lipite. Kwa mashine za kazi usiweke sharti la sababu kabisa. Badala yake punguza eneo: acha kuilenga kanuni kwenye usajili mzima, ilenge kwenye makundi ya rasilimali (mafungu unayopangia mashine zako ndani ya usajili) yenye mashine za kazi tu, za majaribio zibaki nje. Na mtu akizima mashine ya kazi saa nane usiku, hata kama kwa mkono wake mwenyewe, mimi ningependa kuamshwa.

Kuhusu kundi la vitendo, yaani orodha ya wanaopokea: namba moja ya simu haipati zaidi ya ujumbe 1 kila dakika 5. Kwa hiyo ujumbe mmoja usikufanye udhani ni mashine moja. Fungua ukurasa wa Resource Health uhesabu. Barua pepe zielekeze kwenye anwani ya timu. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako arifa zilikuwa zimewekwa vizuri sana, ila zilikwenda kwa fundi aliyekuwa ameacha kazi miezi mingi nyuma. Hakuna aliyejua mpaka siku mambo yalipoharibika.

Service Health ni kitu kingine, nayo itengenezee kanuni yake. Ndiyo inayokueleza hitilafu ya huduma katika eneo zima, matengenezo yaliyopangwa, na matangazo ya usalama. Chagua maeneo na huduma unazotumia tu.

Na usisahau kwamba Resource Health huiangalia mashine kwa nje. Programu yako ikigoma ndani ya mashine iliyo hai, hali itaendelea kusomeka "inapatikana". Wateja wako hawajali ni kipi kilichokufa, kwa hiyo weka pia kipimo kinachogonga anwani ya programu yenyewe kila baada ya muda mfupi.

Ukimaliza, jaribu kwa kuzima kitu cha kweli. Kundi la vitendo lina kitufe chake cha majaribio, lakini hicho kinathibitisha tu kwamba ujumbe unafika, hakisemi lolote kuhusu masharti yako. Iingize mashine moja ya majaribio kwenye eneo la kanuni kwa muda, izime kutoka ukurasa wa Azure, subiri simu ilie, iwashe, uone barua pepe ikija.

Ile mashine ya wiki tatu zilizopita nayo ifungulie ukurasa wa Resource Health leo hii. Huenda utakuta seva iliyoibeba ilipata hitilafu na Azure ikaihamishia kwenye seva nyingine. Historia hiyo hukaa siku 30 tu, kwa hiyo umebakiwa na kama siku tisa.