Vitabu vya Kisomali viko wapi?

Nilipokuwa nikijitolea katika maktaba ndogo ya mtaa huku Eastlands, Nairobi, alikuja mama mmoja wa Eastleigh na binti yake akitaka hadithi za Kisomali. "Pole mama, hatuna." Wiki mbili baadaye, nikipanguza vumbi, nikavikuta vitatu kwenye rafu ya chini, nambari 893.

Nilijilaumu, ila mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa nambari, nao una lawama yake. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820, ya Kifaransa 840, kila moja na uwanja wake. Zetu zimesongamana ndani ya 890: Kiswahili, Kikuyu na Kijaluo kwenye 896, Kisomali 893, Kiamhari 892. Nani atabahatisha hayo akiwa na mtoto mkononi?

Nambari iache mgongoni mwa kitabu, lakini vitabu hivi visogeze karibu na mlango, na kibao kiandikwe kwa lugha yenyewe: Gĩkũyũ, Dholuo, Af-Soomaali. Mwenye lugha ndiye akiandike. Mimi niliandika "Somali" kwa o moja, na mvulana wa sekondari akanisahihisha kwa kalamu nyekundu mbele ya watu.

Kisha tazama fomu ya kujiunga. Yetu ilidai kitambulisho cha taifa na sahihi ya mdhamini. Mkimbizi atavitoa wapi? Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931 lakini Mwafrika hakuruhusiwa humo hadi 1958. Wapo wazee wanaokumbuka, na fomu kama ile inawakumbusha zaidi. Sisi tuliamua kwamba kusoma ndani hakuhitaji karatasi yoyote; kadi ni ya kuazima tu. Sikumbuki tukipoteza vitabu zaidi ya vile tulivyokuwa tukipoteza zamani.

Kuhusu saa ya hadithi, usingoje ununue vitabu. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972 tu, na nyanya wengi wanazo hadithi kichwani. Tulimwalika mmoja Jumamosi, mjukuu akitafsiri. Aliposema *waraabe* na kuigiza mlio wa fisi, mtoto wa Kikamba akaruka: "Huyo ni mbiti!" Wa Kijaluo naye: "Ondiek!" Nyanya akanyamaza, akawaomba wayarudie maneno yao polepole, ayashike.